Maswali Ishirini na Matatu

Katibu wa wapangaji ndiye aliyewasha moto, ingawa kuni zote zilikuwa za Mtaalamu. Jumamosi hiyo, saa nane mchana, katibu aliandika kwenye kundi la simu la jengo: "Ndugu wapangaji, leo tuna wageni, viongozi wa majengo mawili ya jirani. Wamekuja kumwona Karani wetu akifanya kazi. Msione haya, muulizeni chochote!"

Karani hakuwa mtu. Alikuwa roboti wa kuchati, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python na huyo Mtaalamu wa gorofa ya tatu, mwanamume wa miaka arobaini na kitu ambaye jengo zima lilikuwa limeshasahau jina lake. Kila kazi aliyoijua Karani ilikuwa na kipande chake cha programu, na vipande hivyo wenye fani huviita plagini. Ilikuwapo plagini ya kutangaza umeme ukikatika, ilikuwapo ya vitu vilivyookotwa ngazini, ilikuwapo hata ya kumkumbusha mpangaji wa gorofa ya nne kwamba jogoo haruhusiwi. Ukitaka Karani ajue jambo jipya, unaandika plagini yake, unaitia kwenye folda, unamzima Karani na kumwasha upya. Akiamka anabeba kila alichokikuta ndani ya folda, bila kuuliza nani kakiweka. Tabia hiyo alipewa na Mtaalamu mwenyewe, naye alizoea kujisifu nayo.

Wageni wakimpenda Karani, Mtaalamu angepata majengo mawili zaidi ya kuyahudumia. Ulikuwa mwezi wa nane tangu apunguzwe kazini, na mwezi wa nane wa kula jasho la mkewe, nesi wa wodi ya wazee. Mkewe hakuwahi kumsimanga, jambo lililomuumiza Mtaalamu kuliko kusimangwa.

Asubuhi ile alikuwa amemaliza plagini mpya ya zamu za maji. Ilikuwa faili moja tu ya kupelekwa kwenye seva. Lakini baba yake alikuwa ameingia chumbani mara tatu kwa swali lile lile, muda ulikuwa unamkimbia, na Mtaalamu, badala ya kuchagua faili moja, akaibeba folda nzima kutoka kwenye laptopu yake kama ilivyo. Ndani ya folda hiyo mlikuwa na faili nyingine, ambayo haikuwa ya jengo. Aliipa jina la "baba".

Baba yake alikuwa msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka thelathini na moja alisoma kurasa za wenzake akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akiweka alama pembeni kwa kila kosa, na mwisho wa ukurasa anaandika jumla. Watu wa jengo walimheshimu. Katibu mwenyewe alikuwa akimpitishia matangazo kabla hayajabandikwa ukutani. Walichokuwa hawakijui, na ambacho Mtaalamu na mkewe walikifunika miezi sita kama watu wanavyofunika kidonda, ni kwamba mzee alikuwa anaanza kusahau. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Plagini ya "baba" ilianza kwa nia njema, na hilo lazima lisemwe. Daktari aliwaambia waandike mzee anauliza nini na mara ngapi kwa siku. Mtaalamu akaona kwa nini ajisumbue na daftari. Akaweka Karani wa pili kwenye laptopu yake, wa nyumbani, na kumfundisha baba yake kumwandikia kwenye simu; hesabu ya maswali ikawa inatunzwa mtandaoni. Mzee akaipenda. Akimwuliza Karani leo siku gani, anajibiwa. Akiuliza kama ameshakula, anajibiwa. Alipouliza mara ya kwanza mke wake, mama yake Mtaalamu, yuko wapi, Karani alimjibu ukweli kwamba amefariki, na mzee akalia upya, simu mkononi, kama kaambiwa siku ile ile. Mtaalamu akabadilisha jibu: "Ametoka kidogo."

Ubaya uliingia baadaye. Siku moja mteja alikuwa kwenye simu, mteja wa kwanza baada ya wiki nyingi, na mzee akaja kusimama mlangoni akiuliza, akarudi akauliza, akarudi tena, mpaka mteja akacheka na kusema atapiga siku nyingine. Hakupiga. Mtaalamu alikaa mbele ya laptopu akaimwaga hasira yake yote kwa vidole: akaandika kwamba maswali yakifika ishirini na matatu kwa siku, namba aliyoiokota tu kichwani, Karani amjibu mzee maneno fulani, na kuweka chini yake orodha yote ya maswali ya siku hiyo. Aliyasoma, akacheka peke yake, hasira ikapoa. Alisema atayafuta. Hakuyafuta, kwa sababu mzee hakuwa amewahi kufikisha ishirini.

Sasa Jumamosi, wageni wamekaa sebuleni kwa katibu pamoja na wapangaji wachache, simu mikononi, kundi limechangamka. Mmoja kauliza zamu ya maji ya Jumanne, Karani kajibu. Mwingine kauliza nani kaokota funguo, Karani kajibu. Mtaalamu alikuwa amesimama nyuma ya wageni, mikono kifuani, anajizuia kutabasamu.

Ukaja ujumbe uliopangwa vizuri, wenye nukta na mkato mahali pake. Aliutambua kabla ya kuona jina la mwandishi: baba yake alikuwa ameandika kwenye kundi la jengo badala ya kumwandikia Karani wa nyumbani.

"Karani, habari za mchana. Tafadhali nieleze, mke wangu amekwenda wapi? Sijamwona tangu asubuhi."

Wapangaji waliokuwa mle chumbani waliinua vichwa. Mazishi ya mama yule waliyahudhuria wote, mwaka wa tatu huo unakwisha. Na kabla mtu hajatafuta la kusema, Karani akajibu, haraka kama kawaida yake:

"Baba, hili ni swali la 23 leo. Kichwa chako kimekuwa pakacha, kila kinachotiwa kinavuja. Muhtasari: Leo siku gani, mara 7. Mke wangu yuko wapi, mara 11. Nimeshakula, mara 3. Choo kiko wapi, mara 2."

Kundi lilikuwa na watu mia moja na themanini.

Mtu mmoja aliweka alama ya kucheka, akaiondoa. Mwingine aliweka na hakuiondoa. Mama mmoja aliandika "Jamani," basi. Mgeni mmoja, mtu mnene mwenye suti ya kaki, akamgeukia katibu: "Na hii nayo ni huduma?"

"Mtaalamu!" katibu aliita, ingawa Mtaalamu alikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. "Nini hiki?"

"Hitilafu," Mtaalamu alisema. "Hitilafu ya kiufundi. Hawa maroboti wakati mwingine hujitungia maneno."

"Anajitungia mpaka idadi ya kwenda chooni?"

"Samahani. Nipe dakika moja."

Alimzima Karani, akaufuta ujumbe. Ulikuwa umekaa pale dakika nne. Dakika nne zinatosha mtu kupiga picha ya kioo cha simu, na wapo waliopiga.

*

Alizipanda ngazi hadi gorofa ya tatu akiomba mzee awe hajasoma. Kisha akaomba awe amesoma na ameshasahau. Hakujiona mwovu kwa kuomba hivyo, mpaka aliposhika kitasa cha mlango.

Mzee alikuwa ameketi kitandani kwake, miguu ameibananisha vizuri sakafuni, miwani usoni. Kwenye mapaja aliweka kitabu kama meza na juu yake karatasi. Alikuwa ameinakili orodha yote kwa mwandiko wake mzuri, na kwa kalamu nyekundu akaandika jumla chini: 23.

"Nimejumlisha," mzee alisema. "Iko sawa. Saba, kumi na moja, tatu, mbili. Hawakukosea."

"Baba, usijali hayo. Ni upuuzi wa mashine."

"Makosa ishirini na matatu katika siku moja, na jua bado liko juu." Alitikisa kichwa. "Kule kiwandani, mtu akifikisha kumi kwenye ukurasa, tunamrudishia kazi yote. Sikujua nawasumbua kiasi hiki."

"Hutusumbui."

"Imeandikwa hapa."

"Ni mashine tu, baba. Imeharibika. Imejitungia maneno yenyewe."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Wakati ule akili yake ilikuwa timamu, macho yake makali, yale yale yaliyokuwa yakiuona mkato uliopotea kwenye ukurasa wa mia mbili.

"Imeniita Baba," alisema. "Mashine haina baba."

Mtaalamu alifungua kinywa. Hapo ndipo angesema, na alijua kwamba hapo ndipo. Badala yake alisema anakwenda kuchemsha chai, akatoka, akasimama jikoni mbele ya jiko ambalo hakuliwasha.

*

Mkewe alirudi saa kumi na moja, viatu vya kazini mkononi. Alikuwa ameshatumiwa ile picha na watu watatu.

"Nani kaandika 'pakacha'?" aliuliza, hata kukaa hajakaa.

"Ile plagini ilichanganyikana na..."

"Sikuulizi plagini. Watu wote ninaowajua, ni wewe peke yako unayesema mtu ana kichwa cha pakacha. Ulinitania hivyo hivyo nilipopoteza pete."

Mtaalamu alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Umemwambia ni nani?"

"Nimemwambia ni mashine."

"Akaamini?"

"Hapana."

Mkewe aliketi kwenye stuli ya jikoni. Hakupandisha sauti, kwa kuwa ukuta kati ya jikoni na chumba cha mzee ulikuwa wa mbao. "Kila siku nawabadilisha nguo watu wazima," alisema. "Wapo waliokuwa mameneja, yupo aliyekuwa padri. Wananiomba radhi wakati nawafuta. Nami nawaambia, mzee, ndiyo kwanza leo. Hata kama ni mara ya tano, ndiyo kwanza leo. Unanielewa? Mtu akivuliwa nguo huchutama. Wewe umemvua baba yako mbele ya jengo zima, halafu hata shuka hukumtupia."

"Nilikuwa nimechoka. Ile siku ya mteja..."

"Najua umechoka. Mimi sijachoka? Nenda kamwambie."

"Kesho atakuwa amesahau. Kwa nini nimkumbushe kidonda?"

"Utakwenda kwa ajili yako, si kwa ajili yake."

Alikwenda asubuhi ya pili, Jumapili. Mzee alikuwa amenyoa. Ile karatasi ilikuwa mezani, imekunjwa mara mbili, na mzee aliitazama bila kuonyesha kama anaijua au haijui. Mtaalamu alipiga magoti, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu utoto, akasema yote: kwamba maneno ni yake, aliyaandika kwa mkono wake akiwa na hasira, hakutaka yamfikie, na jana amedanganya mara mbili, kwa watu na kwake.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamgusa bega.

"Ahsante kwa kunisahihisha," alisema.

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli Mtaalamu angeshukuru.

*

Katibu alipiga simu Jumatatu. Wageni wametafuta mtu mwingine. Na hapa kwetu, alisema, kamati inaona Karani apumzike kwanza, si unajua watu walivyo, tutawasiliana. Mtaalamu alijua "tutawasiliana" maana yake nini. Kwenye ngazi, watoto wa gorofa ya pili walikuwa wameanza mchezo wao mpya: mmoja anauliza leo siku gani, wenzake wanaitikia kwa pamoja, "Mara ya ishirini na tatu!" Mtaalamu alipopita walinyamaza, na mmoja akamwamkia kwa adabu nyingi mno.

Lakini ndani ya nyumba mlikuwa kimya. Mzee aliacha kuuliza. Hakuuliza siku, hakuuliza chakula, hakumwulizia marehemu mke wake. Aliamka, alivaa, aliketi. Mtaalamu alipata saa nzima nzima za kukaa mbele ya laptopu bila kivuli mlangoni. Aliandika programu ya duka moja la vipuri, akaimaliza, akalipwa. Kwa siku tatu aliufurahia ule ukimya, na hata akamwambia mkewe kwamba huenda mzee anapata nafuu.

Mkewe aliendelea kumenya viazi.

Siku ya nne aliiona sahani ya mzee ya mchana bado imefunikwa, saa kumi. "Baba, mbona hujala?"

"Nilikuwa sijui kama nimeshakula."

"Si ungeuliza?"

Mzee alitabasamu kidogo, tabasamu la mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Siku ya tano alivaa mashati mawili na akakaa hivyo kutwa kwenye joto, jasho likimtiririka shingoni. Siku ya sita mke wa Mtaalamu alimkuta mzee amesimama kati ya mlango wa chumbani na mlango wa bafu, anatazama huku, anatazama kule, midomo inacheza. Alimshika mkono bila kusema kitu akampeleka.

Jioni hiyo Mtaalamu alimtafuta daktari kwenye simu. Daktari alimwambia mzee ataendelea kusahau mambo mengi, tarehe, nyuso, hata yale ya wiki iliyopita. "Ila hisia huwa zinabaki," alisema. "Anaweza kusahau mtu alimfanyia nini, akabaki na woga wa yule mtu. Kuna kitu kimetokea hapo nyumbani?"

"Hapana," alisema Mtaalamu, akakata simu, akajichukia.

Wiki ya pili alijaribu kurekebisha. Alikwenda kwa mzee kila baada ya saa moja, akajibu maswali ambayo hayajaulizwa: leo Ijumaa, baba, chakula tayari, baba, bafu ni mlango wa pili kulia. Mzee aliitikia kila mara, "Ndiyo, nashukuru," akikaza mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mtaalamu akaichukua ile karatasi ya orodha iliyokuwa mezani, akaichana mbele yake. "Imekwisha hii, baba. Uliza utakacho." Mzee aliokota vipande sakafuni kimoja kimoja, akaomba radhi kwa uchafu.

*

Jumamosi ya wiki hiyo, mchana, Mtaalamu alitoka kuoga akakuta mlango wa mbele uko wazi na kiti cha mzee hakina mtu. Alitoka na taulo shingoni, miguu mitupu. Gorofa ya pili hakuna mtu. Alipofika nusu ya ngazi za mwisho alisikia sauti ya baba yake chini, akasimama.

Mzee alikuwa mlangoni kwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona sare za shule kwenye chumba chake cha chini. Alikuwa amevaa koti na amechana nywele. Suruali yake ya kijivu ilikuwa imelowa, kutoka kiunoni hadi goti la kushoto.

"Samahani sana, mama," mzee alikuwa akisema. "Najua una kazi. Naomba kukuuliza, choo kiko wapi?"

Fundi aliitazama suruali, akaondoa macho haraka. Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. "Mzee wangu, umeshuka gorofa zote hizi? Kwani kwenu hakuna choo?"

"Kipo, mama. Kipo kizuri tu." Mzee alisogea karibu, akashusha sauti. "Lakini kwetu wanahesabu."

Mtaalamu alishuka ngazi moja, na mguu wake uliolowa maji ukateleza ukapiga kishindo. Mzee aligeuka. Alimwona mwanawe amesimama juu ngazini, na uso wake ukajaa hofu. Akalivuta koti mbele kuficha suruali, akasimama wima, mikono imekaza.

"Sijauliza kitu, mwanangu," alisema haraka. "Nilikuwa namsalimia tu huyu mama."